Nusinersen

Nusinersen, inayouzwa kwa jina la Spinraza, ni dawa ya asidi nukleiki inayotibu SMA, ugonjwa wa kurithi unaoua neva zinazoendesha misuli. Mgonjwa hukosa jeni ya SMN1 inayofanya kazi. Hubaki na jeni ya SMN2, ambayo RNA yake mara nyingi huungwa bila kipande cha saba, hivyo protini yake nyingi huharibika upesi. Dawa hujishika kwenye RNA hiyo, kipande kikabaki, na protini kamili ikaongezeka. Marekani iliiidhinisha Desemba 2016. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na huwafaa zaidi watoto wanaoianza kabla ya dalili. Kwa hiyo kuwapima wachanga ni jambo la dharura. Bei ya awali, dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza, iliumiza.