Majengo ya Kale ya Dar es Salaam na Sheria Iliyoyaacha Nje

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotungwa ili athari za wahenga wa nchi hii zisipotee, iliweka mpaka wake katika mwaka 1863: jengo lolote lililosimamishwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo lina hifadhi bila kungojea tangazo la mtu, na lile lililojengwa baadaye sharti lingoje mpaka mwenye mamlaka alitaje kwa jina. Kwa misikiti ya Kilwa, kwa makaburi ya Kaole na magofu ya Kunduchi, mpaka huo ulitosha na kuzidi. Dar es Salaam, ambao Sayyid Majid bin Said wa Unguja aliuanzisha katika miaka hiyo hiyo ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, ulikosa hifadhi hiyo kwa miaka michache tu, kwa kuwa nyumba zake mbili zilizo kongwe kupita zote, yaani Boma la Kale na ile iitwayo Atiman, zilijengwa karibu na mwaka 1866.

Ndiyo sababu kila ugomvi wa kubomoa katikati ya mji huu huanza sheria ikiwa kimya. Mwenye kutaka kubomoa hana haja ya kujitetea. Mwenye kutaka jengo libaki ndiye anayelazimika kukimbia huku na huko akitafuta hoja, aghalabu wakati mabati yamekwisha kuzungushwa na alama nyekundu ya X imekwisha kupakwa ukutani. Nimeufuata mjadala huu kwa muda mrefu, na naamini kwamba uchungu wake watokana zaidi na kuchelewa huku kuliko na tofauti ya mapenzi kati ya wapendao ya kale na wapendao mapya.

Asimame mtu mbele ya Boma la Kale, ng'ambo ya barabara itazamayo bandari, autazame ukuta kwa karibu. Ni mawe ya matumbawe yaliyovunjwa pwani na kushikamanishwa kwa chokaa iliyochomwa tanuuni. Unene wake wafanya chumba kiwe baridi adhuhuri ya mwezi wa Februari bila kiyoyozi. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki kupita kadiri yake, chumba nacho hakiwi kipana kupita boriti. Hivyo kipimo cha nyumba nzima kilitolewa na mti wa bahari kabla fundi hajachora mstari. Jirani yake, nyumba ya Atiman, ilipata jina lake kwa Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi za Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga Malta, na akatibu wagonjwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1889 mpaka uzeeni mwake. Nyumba ya kifalme ya Waarabu, mikononi mwa mapadri wa Ulaya, kwa jina la Mwafrika aliyewahi kuuzwa: sijui kitabu kimoja cha historia ya mji huu kinachoweza kusema hayo yote kwa ufupi namna hiyo.

Wako wasemao kwamba Dar es Salaam haukupata kuwa na utulivu wa kujenga jadi, na katika hilo wana sehemu ya haki. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuushughulikia mji huo, kazi zikalala. Wajerumani walipouhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa hakika kwa aina ya watu: Mzungu upande wa bahari, Mhindi katikati, na Mwafrika nyuma yao. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga na kuliharibu jumba la gavana, na Ikulu tuionayo leo ni kazi ya Waingereza waliolijenga upya katika miaka ya 1920 juu ya mabaki yale. Kubomoa, basi, si jambo geni hapa.

Lakini ubomoaji wa zama zetu una chanzo chake mahsusi, nacho ni mwaka 1971. Majumba ya Uhindini, yale ya ghorofa mbili tatu yenye duka chini na makazi juu, yenye roshani zilizofunika njia ya waendao kwa miguu, na juu ya paji lake jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa, yalijengwa kwa wingi katika kipindi cha kati ya vita viwili vikuu. Sheria ya mwaka 1971 iliiwezesha Serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kupita shilingi 100,000, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji wa wapangaji, na wengi waliokuwa hawana matumaini ya kukaa mjini walipata paa. Hata hivyo kodi ya pango ilibaki ndogo mno kuweza kununua rangi, sembuse kutengeneza bomba. Mpangaji hakutengeneza kwa kuwa nyumba si yake, na Msajili hakutengeneza kwa kuwa fedha hana. Kazi za Msajili zilipoungwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, shirika lilirithi kiwanja chenye thamani kubwa na juu yake jengo linalovuja. Biashara huria ikaja, ukaja na mpango wa ubia, shirika likitoa ardhi na mwekezaji fedha, na jengo la kale likawa ndicho kitu pekee katika mapatano hayo kisicho na mtu wa kulisemea. Hata jengo la mkahawa wa Salamander la Mtaa wa Samora, ambalo baraza yake ilikuwa majilisi ya watu wa mji, lilivunjwa, na mnara uliosimama mahali pake umerithi jina.

Hoja za wapendao ujenzi mpya si za kudharau. Mji huu una mamilioni ya watu. Mabomba ya majitaka ya katikati ya mji yaliwekwa kwa ajili ya watu wachache. Mama mwenye kupanda ngazi za mbao zilizooza akiwa na ndoo ya maji hana wajibu wa kuishi ndani ya historia ili mpita njia apate cha kupiga picha. Wapangaji wenyewe wamegawanyika: yuko anayeogopa kupoteza chumba cha bei nafuu, na yuko anayengojea kwa hamu kilemba na fremu katika jengo jipya. Lakini wale wanaosema kwamba jipya ndilo salama, na la kale ndilo hatari, wanapaswa kukumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika eneo hilo hilo la Uhindini, ikiwa imefikishwa ghorofa 16 ilhali kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10, ilipoporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa nyingine ikaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Usalama hutoka katika kibali kilichoheshimiwa na saruji isiyoibwa.

Kuna hasara nyingine ambayo mjadala wetu karibu haupati kuitaja, nayo yaniuma kuliko ya Salamander. Wasanifu wanapoandika juu ya urithi wa Dar es Salaam hutaja makanisa ya Wajerumani na roshani za Wahindi. Ni wachache wanaotaja nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati ukinyooka tangu kibarazani hadi uani, na uani jiko, choo na mti mmoja wa kivuli. Kuta zake zilikuwa za miti na udongo, na paa la makuti ambalo baadaye liligeuzwa bati. Katika nyumba za namna hiyo mgeni wa bara alipata chumba kimoja na jamaa watano. Katika nyua zake wanawake walikutana kwa ngoma zao, na Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha Bomba, alipoombwa kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU, alianzia kwa vikundi vya ngoma kama hivyo. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekwenda moja baada ya moja, kila kiwanja kikiota ghorofa, na hakuna aliyeandika barua gazetini. Tumejifunza kulia kwa yale ambayo wakoloni walituambia kwamba ni majengo, na yale tuliyoyajenga sisi tumeyahesabu kuwa vibanda.

Simaanishi kwamba kila ukuta ubaki. Jengo laweza kubadili kazi pasipo kubadili sura, na mji wenyewe una mfano: klabu ya Wazungu ya zama za Waingereza, karibu na Kivukoni, iligeuka Hoteli ya Forodhani, na baadaye ikawa Mahakama ya Rufani, na majaji walihukumu kesi nzito mahali walipokuwa wakinywa mabwana. Boma la Kale nalo, lililokaribia kubomolewa katika miaka ya 1970, limeishi mpaka kuwa mahali pa kuonyeshea historia ya usanifu wa mji. Wala sisemi kwamba sheria peke yake yatosha: Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Jengo lililohifadhiwa kwa karatasi bila fundi wa chokaa ni jengo linalosubiri mvua.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, mpaka wa mwaka 1863 usogezwe, ili nyumba yoyote iliyotimiza miaka mia ihitaji ruhusa ya pekee kabla ya kuguswa, iwe ya mawe au ya udongo. Pili, kabla kibali cha kubomoa hakijatolewa, tangazo libandikwe mlangoni mwa jengo lenyewe, kwa Kiswahili, likisema nani ana ubia na nani, ghorofa ngapi zitajengwa, na wapangaji wa sasa watakwenda wapi. Na libandikwe miezi kadhaa kabla ya mabati, ili mama wa ghorofani, mwenye fremu, na mzee anywaye kahawa barazani waseme wangali na kitu cha kukisemea.