Mrabaha na murabaha

Kijana mmoja wa hapa Masalani alinijia barazani baada ya swala ya magharibi, akaniwekea simu mbele ya macho. "Adeer, nisomee hii." Ilikuwa taarifa ya hesabu kutoka kwa kampuni ya ng'ambo inayomsambazia nyimbo zake mitandaoni. Safu ya kwanza ilikuwa na majina ya nchi, ya pili idadi ya mara wimbo ulipochezwa, ya tatu pesa. Kenya ilikuwa na mistari mingi. Uswidi ilikuwa na mstari mmoja: mara nne, na upande wa pesa sufuri tupu. Hata penye pesa, zilihesabiwa kwa dola, zikaanza na sufuri, nukta, sufuri nyingine mbili, ndipo tarakimu ikachungulia kama panya shimoni. Tulijumlisha kwa kikokotoo cha simu. Miezi mitatu, dola moja na senti thelathini na kitu, na hazitoki mpaka zifikie kiwango walichoweka wenyewe.

Nilijiandaa kumfariji. Kumbe udogo wa pesa haukuwa shida yake.

"Hizi zinaongezeka nikiwa nimelala," alisema. "Mimi sifanyi kitu, zenyewe zinazaa. Si riba hizi?"

"Riba wapi. Huo ni mrabaha."

Hapo nikawa nimelikoroga.

"Mrabaha? Ule wa benki? Ule mjomba alichukulia bodaboda?"

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na neno hili nimelisahihisha kwenye insha mara nyingi bila kuwaza kwamba lina pacha mtaani, tena pacha anayejulikana zaidi. Pwani au Nairobi mtu akisikia mrabaha anawaza mwandishi na mchapishaji wake, au mwanamuziki na redio. Tanzania watamkumbuka mchimbaji wa dhahabu, kwa sababu huko mrabaha wa madini ni habari ya bungeni na ya magazetini. Mwaka 2017 wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Lakini ukivuka mto Tana ukaja upande wetu, watu wanalijua neno hili kutoka dirisha la benki. Tangu benki zinazofuata sharia zianze kazi Kenya mwaka 2008, murabaha imekuwa njia ya kupata pikipiki, friji ya duka, hata mabati ya nyumba.

Tuanze na huo wa benki, kwa kuwa ndio ulioleta vurugu. Unataka pikipiki, huna pesa taslimu. Benki inainunua, inakuwa mali yake, kisha inakuuzia kwa bei iliyo juu. Tofauti na biashara ya kawaida ni kwamba muuzaji lazima akwambie alinunua kwa bei gani na amejiwekea faida kiasi gani. Mkishakubaliana, unalipa kidogokidogo na deni haliongezeki hata ukichelewa. Mzizi wa neno ni wa Kiarabu, r-b-ḥ, unaobeba maana ya kupata faida katika kuuza. Riba haitoki hapo. Mzizi wa riba ni r-b-w, kukua na kuzidi. Mwarabu hawezi kuichanganya mizizi hii, kwa kuwa ile ḥ ya kooni anaisikia. Msomali vilevile: katika maandishi yao yaliyorasimishwa mwaka 1972 sauti hiyo ina herufi yake, x, na riba kwao ni ribo. Sisi Waswahili ndio tuliolainisha ḥ ikawa h ya pumzi, na ukisema mrabaha haraka kwa kijana aliyekulia madrasa, anasikia riba imevaa koti.

Sasa royalty ya Kiingereza. Yenyewe haina faida ndani yake hata chembe, ina mfalme. Madini yaliyokuwa ardhini yalihesabiwa kuwa ya mfalme, na mchimbaji alimtolea sehemu. Baadaye mwenye ardhi wa kawaida akadai sehemu hiyo hiyo, kisha mwandishi wa kitabu, kisha mtunzi wa wimbo. Kiini chake ni kwamba kitu ni changu, wewe unakitumia, na kila ukikitumia unanitolea fungu. Aliyetafuta Kiswahili chake akachukua neno la faida. Simlaumu sana. Lakini limeacha nje jambo lenyewe, yaani umiliki, na limeingiza jambo lisilokuwepo, yaani kuuza. Katika murabaha pikipiki inakuwa yako. Katika mrabaha wimbo haumtoki mwenyewe. Katika murabaha faida inajulikana kabla hujaweka saini. Katika mrabaha hakuna anayejua, na Uswidi inaweza kukuletea sufuri.

Kuna ajali nyingine iliyolipata neno hili, na siwezi kuipita. Waandishi wengi wa habari wa Kenya huandika "mirahaba". Herufi zimeruka, b na h zimebadilishana viti, na neno limeangukia jirani ya "marahaba". Wanamuziki wanaosubiri malipo yao mwaka baada ya mwaka watakwambia kosa hilo lina ukweli: wamepiga shikamoo, wameitikiwa.

Lakini kijana wangu hakuja kutafuta asili ya maneno. Alitaka kujua dola moja imetoka wapi. Ikabidi turudi mwanzo wa wimbo wake.

Aliurekodi Garissa mjini, katika chumba kilichobanwa mazulia ukutani, kompyuta moja, maikrofoni moja iliyovishwa soksi. Prodyuza alikuwa na biti tayari. Yeye akaja na maneno ya Kisomali na ubeti mmoja wa Kiswahili. Kiitikio alikichukua kwa nyanya yake, ambaye ni bingwa wa buraanbur, tenzi za wanawake za arusini. Wakaimba, wakamiksi, wakamasta, prodyuza akamtumia faili kwa WhatsApp saa nane usiku. Alilipa kwa M-Pesa. Siku ya pili akaupandisha kwa simu kupitia ile kampuni ya kusambaza, na baada ya siku chache ulikuwa YouTube, Boomplay, Spotify na kwingineko. Hivyo ndivyo ngoma inavyoachiwa siku hizi. Haipitii kiwanda wala duka, na anayeiachia hahitaji kutoka Masalani.

Ndani ya faili ile moja, hata hivyo, kuna mali mbili, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kuibiwa. Mali ya kwanza ni utungo, yaani maneno na sauti yake. Hata ukiuimba kisimani bila ala, utungo upo. Mali ya pili ni rekodi, ile sauti iliyokamatwa siku ile katika chumba kile. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi. Haimtaji mwenye kompyuta, haimtaji mwenye sauti nzuri. Nilimuuliza: nani alifanya mipango? "Mimi nililipa." Una risiti? Ana ujumbe wa M-Pesa. Autunze, nikamwambia, maana hiyo rekodi inalindwa miaka 50, na miaka 50 ni mingi kuliko urafiki wa studio.

Kwa sababu mali ni mbili na kuna mwimbaji pia, mrabaha wa Kenya kwa miaka mingi uligawanyiwa vyama vitatu vya kuukusanya: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapiga ala. Hoteli, matatu na redio zinapaswa kulipa, vyama vigawe. Mvutano juu ya nani ana leseni ya kukusanya umefika kortini zaidi ya mara moja, na sina hamu ya kuusimulia hapa.

Mitandaoni hesabu ni nyingine. Kila rekodi hupewa alama ya herufi na tarakimu 12, inayojulikana kama ISRC. Nilipomwambia hiyo ni chapa, alielewa papo hapo kuliko ambavyo ningeeleza kwa ukurasa mzima. Huku kwetu Ijara ni nchi ya ng'ombe. Ng'ombe mwenye chapa akipotelea hadi Hulugho atarudi, au angalau atajulikana ni wa nani. Wimbo wake ulichezwa Uswidi mara nne ukiwa na chapa yake, ndiyo maana mstari ulikuwepo. Pesa hazikuwepo kwa sababu nyingine: tangu mwaka 2024 Spotify, ambayo kwao ni huko huko Uswidi, hailipi rekodi isiyofikisha mara 1,000 katika miezi 12. Ng'ombe ameonekana, maziwa yake yamemwagwa kwenye pipa la wakubwa. Hilo lilimuudhi kuliko dola moja.

Ajabu ni kwamba mahali palipo na hesabu nyepesi zaidi ni hapa hapa kwetu, kwenye mlio anaousikia mtu akikupigia simu. Skiza ya Safaricom ilianza mwaka 2009, na kwa miaka mingi wasanii walilia kwamba wanabaki na makombo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yakaandika mgawo wenyewe: msanii au mwenye haki asipungukiwe asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na wakala wa katikati 8.5. Katika shilingi mia, hamsini na mbili. Huu ni mrabaha unaoweza kumweleza mtu akiwa amesimama dukani. Tena hapa mtaani wenye simu wengi wangependa kasida kuliko ngoma ya klabu, na kijana anayeimba kwa Kisomali ana soko asilolitazama kwa sababu macho yake yako Spotify.

Nikarudi kwenye swali lake la kwanza, zinazaaje nikiwa nimelala. Nilimwambia afikirie ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wa huku wana desturi ya kale: jamaa aliyefiwa na mifugo anapewa ng'ombe au ngamia anayekamuliwa, akae naye wanawe wanywe. Mnyama hakuuzwa. Mwenyewe ni yule yule, na ndama ni wake. Mrabaha uko karibu na hapo kuliko benki, isipokuwa kwamba katika wimbo anayekamua hutoa kibuyu kidogo kwa mwenyewe, ilhali kwa mifugo kukamua ndiyo sadaka. Nimejaribu kutafuta neno bora kwa njia hii. Ujira hauwezi, kwa sababu ujira ni wa kazi iliyofanyika ikaisha. Kodi ingefaa kimaana, mwenye nyumba naye analala kodi ikaja, lakini jaribu kumwambia msanii "kodi ya wimbo" uone kama hatakimbilia kufikiria serikali. Kwa hiyo nitabaki na mrabaha, bila ile u ya benki, na nitaufunga na kitu chake kila mara: mrabaha wa wimbo, mrabaha wa kitabu, mrabaha wa madini. Ukiachwa peke yake unapotea njia.

Isidhaniwe kwamba huku hatukujua hakimiliki mpaka ilipoletwa. B. W. Andrzejewski, mtaalamu wa Kisomali, alieleza kwamba washairi wa Kisomali walikuwa na sheria ya hakimiliki isiyoandikwa: anayekariri shairi la mwenzake sharti amtaje mtunzi na asiyageuze maneno. Mwaka 1979 na 1980, mlolongo wa mashairi ulioitwa Deelley ulisafiri kwa kanda za kaseti kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akirudufu kwa redio yake, na majina ya watunzi yalisafiri nayo. Hapakuwa na senti, na jina halikupotea. Kizazi cha simu kimepata kinyume chake: wimbo unalipa nusu senti, na kwenye memori kadi zinazojazwa sokoni faili inaitwa "Track 07".

Kuna sauti moja ya bonde hili la Tana ambayo kila Mkenya anaijua. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Wapokomo ni majirani zetu wa kingo za mto. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ingekuwapo wakati ule, mazungumzo yangekuwa marefu, na ingefaa kujua yangefanywa na mama yupi.

Nililitaja hilo kwa sababu ya kile kiitikio. Tulichukua karatasi ya daftari la hesabu, tukapiga mistari. Maneno: yeye. Biti: prodyuza, tukakubaliana nambari ambayo mwenyewe atapaswa kuikubali kwa saini. Rekodi: yeye, na ujumbe wa M-Pesa ukanakiliwa pembeni. Kiitikio: akasita, kalamu juu.

"Nyanya hatataka pesa za Uswidi," alisema.

"Kamuulize."

Alirudi kesho yake asubuhi. Nyanya alikuwa amecheka, akauliza wimbo unachezwa wapi, akaambiwa Marekani, Somalia, kila mahali. Kisha akasema kiitikio alifundishwa na shangazi yake mwaka wa ukame, na shangazi yake alifundishwa na mwanamke wa Kiboni ambaye jina lake hakuna anayelikumbuka. Na mbuzi mmoja, akasema nyanya, hatamkataa.

Mstari wa nne bado uko wazi. Pembeni yake, kwa kalamu ya risasi, kijana ameandika "mbuzi 1".