Haki ya Kumiliki Mali na Hadhi ya Mwanamke katika Misri ya Kale: Mfano wa Wosia wa Naunakhte

1.0 Utangulizi

Hadhi ya mwanamke katika Misri ya kale imezoeleka kupimwa kwa mifano ya malkia. Hatshepsut, aliyetawala kama Farao katika karne ya 15 KK, ndiye hutajwa kwanza. Mfano huo ni wa kweli ila hautoshi, kwa kuwa mwanamke mmoja aliyechongwa sanamu akiwa na ndevu za bandia za ufalme hawezi kueleza maisha ya mke wa fundi. Makala haya yanachunguza suala hilo kupitia hati ya mwanamke wa kawaida aitwaye Naunakhte. Hoja inayotetewa ni kwamba sheria ya Misri ilimpa mwanamke uwezo kamili juu ya mali yake bila kumpa mamlaka ya umma, na kwamba uwezo huo ulidhihirika zaidi katika uzee, wakati nguvu nyingine zilipokuwa zimemwishia.

2.0 Usuli wa Kijamii na Kisheria

Naunakhte aliishi Deir el-Medina, kijiji kilichokuwa upande wa magharibi wa mto Naili, mkabala na mji wa Thebes. Wakazi wake walikuwa mafundi waliochonga na kupamba makaburi katika Bonde la Wafalme, pamoja na familia zao. Walilipwa na serikali, hasa kwa nafaka. Kwa sababu wengi wao walijua kusoma na kuandika, waliacha kumbukumbu nyingi juu ya vigae, vipande vya mawe na mafunjo: madeni, ugomvi, talaka na mirathi.

Kumbukumbu hizo zinabainisha kwamba mwanamke aliyeolewa, ambaye kwa kawaida aliitwa bibi wa nyumba, alikuwa mtu kamili mbele ya sheria. Aliweza kumiliki, kurithi, kuuza, kushtaki, kushtakiwa na kutoa ushahidi. Mali aliyokuja nayo katika ndoa ilibaki yake. Katika mali iliyochumwa pamoja, desturi ilimpa theluthi moja, na mume theluthi mbili.

3.0 Wosia wa Naunakhte

Naunakhte aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza, karani Qenhirkhopeshef, alikuwa mtu mashuhuri kijijini, naye alifariki bila kupata mtoto naye. Mume wa pili, Khaemnun, alikuwa fundi, na pamoja walipata watoto wanane. Katika mwaka wa 3 wa utawala wa Ramesses V, takriban mwaka 1145 KK, Naunakhte alikwenda mbele ya baraza la kijiji akatoa tamko. Alieleza kwamba aliwalea watoto wote wanane na kuwapa vyombo vya kuanzia maisha, lakini sasa amezeeka na baadhi yao hawamtunzi. Aliyemsaidia angepata sehemu ya mali yake, aliyemtupa asingepata.

Undani wa tamko hilo ndio wenye uzito. Watoto waliotajwa kuwa wamemtupa walinyimwa mali aliyoirithi kwa karani, ghala la baba yake, na kipimo cha ngano alichochuma pamoja na mumewe. Hata hivyo, wote wanane waliachiwa haki ya kugawana mali ya baba yao, Khaemnun. Naunakhte alijua mpaka wa uwezo wake na hakuuvuka. Mtoto mmoja aliyemtendea wema aliongezewa bakuli la shaba nyeusi juu ya fungu lake. Kwa msomaji wa leo bakuli hilo ni kitu kidogo. Kwa kijiji kile chombo cha shaba kilikuwa akiba ya thamani, na pia tangazo la hadharani la nani alikuwa mwana mwema.

Mwaka uliofuata, Khaemnun na watoto walirudi barazani na kuthibitisha kwamba wosia ule ungeheshimiwa. Uthibitisho huo unaonyesha kwamba uamuzi wa mke haukuchukuliwa kuwa manung'uniko ya mama mwenye hasira. Ulikuwa sheria iliyomfunga hata mume.

4.0 Mipaka ya Haki

Pamoja na hayo, hati hiyo hiyo inafichua upande wa pili. Wajumbe 14 wa baraza lililomsikiliza walikuwa wanaume, na walioandika hati hiyo walikuwa makarani wanaume. Ujira wa serikali ulitolewa kwa fundi, si kwa mkewe. Mwanamke aliingia barazani kama mwenye mali au shahidi, nadra kama mwamuzi. Aidha, kijiji hiki hakiwakilishi Misri nzima. Kwa wake wa wakulima, ambao hawakuwa na karani jirani wala mali ya kuusia, haki iliyokuwapo kisheria ingeweza kukosa kabisa nafasi ya kutumika.

Kesi ya Mose, iliyochongwa katika kaburi lake huko Saqqara enzi za Ramesses II, inatilia mkazo hoja hii. Katika mgogoro huo wa ardhi, mwanamke Wernero aliteuliwa kuwa msimamizi wa shamba kwa niaba ya ndugu zake. Lakini Nubnofret, mama yake Mose, alishindwa kesi baada ya mpinzani wake kutumia hati ambazo Mose alidai ni za kughushi. Haki ilikuwapo, aliyetawala maandishi ndiye aliyekuwa na nguvu ya kuitumia.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba hadhi ya mwanamke wa Misri ya kale haiwezi kufupishwa kwa kusema alikuwa huru au alikandamizwa. Alikuwa na mali bila kuwa na madaraka. Kwa Naunakhte, mali hiyo ndiyo iliyompa sauti pale ambapo uzazi na malezi havikumhakikishia shukrani. Utafiti wa hadhi ya wanawake wa kale, kwa hiyo, unapaswa kuanza na mirathi na mashauri ya vijijini kabla ya kupanda hadi kwenye viti vya enzi.