Mwalimu Mbele ya Mashtaka: Upokezi wa Riwaya ya Gudrun Pausewang Nchini Ujerumani

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Hans Robert Jauss alidai kwamba historia ya fasihi haitoshi kuandikwa kwa kuorodhesha watunzi na kazi zao. Sharti izingatie pia wasomaji waliozipokea na upeo wa matarajio waliokuja nao. Ni nadra kupata kazi inayoithibitisha hoja hiyo kwa uchungu kama Die letzten Kinder von Schewenborn, yaani watoto wa mwisho wa Schewenborn, riwaya ya vijana iliyotungwa na Gudrun Pausewang na kuchapishwa mwaka 1983 katika iliyokuwa Ujerumani ya Magharibi.

Msuko wake ni sahili. Roland, kijana asiyetimiza bado miaka 13, anasafiri na wazazi na dada zake kwenda kuwatembelea babu na bibi. Wangali njiani, bomu la nyuklia linauteketeza mji wa Fulda. Yanayofuata ni njaa, maradhi ya mionzi, homa na mazishi. Dada zake wawili wanafariki. Mama naye anafariki baada ya kujifungua mtoto asiye na macho wala mikono. Hakuna mwokozi anayetokea. Roland anasimulia kwa ukavu wa mtu anayetoa taarifa, na yamkini ukavu huo ndio unaotisha kuliko matukio yenyewe.

Ifahamike kwamba mandhari haya hayakuwa ya kubuni tu. Schewenborn imechorwa kwa mfano wa Schlitz, mji mdogo karibu na Fulda ambako Pausewang aliishi na kufundisha, na bonde la Fulda lilihesabiwa na majeshi ya NATO kuwa njia ambayo adui angeweza kupitia. Tarehe 22 Novemba 1983 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha kuwekwa kwa makombora ya Pershing II. Msomaji wa mwaka huo hakuwa akisoma ngano ya nchi ya mbali.

Upokezi uligawanyika tangu mwanzo. Riwaya ilipata tuzo ya Buxtehuder Bulle ya mwaka 1983, ambayo huamuliwa na vijana pamoja na watu wazima, na ikaingia madarasani kwa wingi. Kwa upande wa pili, walikuwapo wahakiki na wazazi walioona kwamba mtoto hafai kutishwa kiasi hicho, na kwamba fasihi ya vijana inawiwa japo chembe ya matumaini. Mabishano kama hayo yalizuka tena baada ya Chernobyl, Pausewang alipochapisha Die Wolke mwaka 1987, na tuzo ya taifa ya fasihi ya vijana iliyopewa riwaya hiyo mwaka 1988 ikageuka suala la kisiasa.

Hoja ya matumaini ina uzito, hasa pale kitabu kinapofanywa cha lazima. Mtoto aliyejichagulia kitabu anaweza kukifunga. Aliyeketi darasani hawezi. Hata hivyo, hoja hiyo haielezi ghadhabu iliyoandamana nayo. Ghadhabu hiyo inaeleweka tu tukirejea sehemu ya mwisho ya riwaya. Baba yake Roland, aliyenusurika, anafungua shule ya watoto waliosalia. Wanafunzi wanamtaka aeleze alifanya nini kuzuia maangamizi kabla hayajatokea. Hana jibu, nao wanamwita muuaji. Tazama basi hali ya usomaji wenyewe: mwalimu wa kweli, mbele ya wanafunzi wa kweli, anasoma kisa cha mwalimu anayeshtakiwa na wanafunzi wake. Aliyeshikwa na hofu katika chumba hicho si mtoto peke yake.

Swali hilo, zaidi ya hayo, halikuwa geni kwa Wajerumani. Tangu miaka ya 1960 vijana wengi wa nchi hiyo walikuwa wakiwauliza wazazi wao walifanya nini enzi za Hitler. Pausewang, aliyezaliwa mwaka 1928 huko Bohemia, alikulia katika itikadi hiyo na akakiri baadaye kwamba aliiamini utotoni. Alichofanya katika riwaya ni kulichukua swali la jana na kulielekeza kwa kesho: walioliuliza ujanani sasa walikuwa wazazi, nao wakaulizwa. Huu ndio upeo wa matarajio uliokutana na kitabu, na kwa sababu hiyo madai kwamba riwaya iliwalenga watoto kwa ukatili yanakosa shabaha. Watoto ni mashahidi ndani yake. Walioitwa kizimbani ni wengine.

Pausewang alifariki Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 91. Waliokuwa na umri wa Roland kitabu kilipotoka walikuwa wamekaribia miaka 50, na katika kumkumbuka wengi walitaja kwanza jinamizi na usiku wa kukosa usingizi. Wapo waliosema kwamba kitabu hicho ndicho kilichowazindua kisiasa. Wapo ambao hawajamsamehe mwalimu aliyewasomea.