Kitabu cha Amri na Wanafunzi wa Nyanda za Juu za Kigoma

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo atakaye kujifunza kuandika hati za amri za kompyuta hakosi walimu. Huwa nao wengi mno. Simu moja yenye intaneti humletea kurasa nyingi, na kila ukurasa hudai kuwa ndio njia. Taabu yake si uchache wa mafunzo, bali ni kujua lipi la kushika na lipi la kuacha. Swali hili laonekana jipya. Walakini lina historia, na historia hiyo yaweza kumfaa kuliko orodha ndefu ya vitabu.

Hati ya amri ni maandishi ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari na kuyatenda: nakili faili hili, hesabu maneno yale, futa folda fulani. Programu inayopokea amri kutoka kwa mtu na kuzifikisha katika kiini cha mashine huitwa sheli. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Louis Pouzin katika miaka ya 1960, na maana yake ni ganda. Msomaji wa Tanzania asidhani twasema habari za kituo cha mafuta, ijapokuwa matamshi ni mamoja.

Sheli hutii wala haibishani, na humo mna hatari yake. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba hati iliyofuatana na programu ya michezo ya Steam, katika mashine za Linux, ilikuwa na mstari wa kufuta kila kilichomo ndani ya folda moja. Jina la folda hiyo hati ilipaswa kulitafuta yenyewe kwanza. Ilipolikosa, pakabaki patupu mahali pa jina, amri ilianza kufuta tangu mzizi wa mashine, na watu wakapoteza faili zao. Aliyeandika mstari ule hakukusudia ubaya. Basi mwanafunzi anayenakili mstari asioujua ni kama mgonjwa anywaye dawa ya chupa isiyo na jina: huenda akapona, lakini hakupona kwa elimu.

Waliotangulia waliifikiria hatari hii mapema. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watumishi wa Bell Labs huko Marekani, walianza kuunda mfumo ulioitwa Unix. Tarehe 3 Novemba 1971 kilitoka kitabu cha kwanza cha kuueleza mfumo huo. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zote zilifuata mpango mmoja: jina la amri, namna ya kuiandika, kazi yake, na amri nyingine zinazohusiana nayo. Mwishoni palikuwa na mambo mawili ambayo vitabu vingi vya mafunzo huyaficha. La kwanza lilikuwa kasoro za amri ile zilizokwisha kujulikana. La pili lilikuwa jina la mwenyewe, yaani mtu wa kuulizwa.

Kwa maoni yangu mizani yote ya mafunzo ya kuaminika imo katika mambo hayo mawili. Wasomi wa pwani yetu waliijua mizani kama hiyo kwa sura nyingine: elimu ya vitabu ilithibitishwa kwa mnyororo wa walimu, na mwanafunzi aliyehitimu alipewa ijaza ili ajulikane alisoma kwa nani. Maandishi yasiyo na mwenyewe hayana wa kuyajibia, na maandishi yasiyokiri kasoro hata moja hayajapimwa.

Baadaye kitabu kile kilitiwa ndani ya mashine yenyewe. Hata leo, katika mashine nyingi za Linux, mwanafunzi akiandika man na jina la amri, ukurasa wake hufunguka bila intaneti. Mwaka 1979 ilitoka sheli ya Stephen Bourne. Na mwaka 1989 Brian Fox akatoa ile iitwayo Bash, kwa ajili ya mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Mradi huo ulishika kanuni kwamba programu, pamoja na kitabu chake, iwe halali kunakiliwa, kurekebishwa na kugawiwa. Hata hivyo asidhani mtu kwamba asili njema ni kinga ya makosa. Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kasoro kubwa ya usalama ndani ya Bash, nayo ilikuwamo tangu mwaka 1989. Iliyostahili kuaminiwa haikuwa programu isiyo na kosa, bali desturi ya kulitangaza kosa kwa tarehe na kulisahihisha mbele ya watu.

Sasa tuirejeshe habari hii Kasulu na Kibondo, kwani hali ya huko huipa kitabu cha ndani ya mashine thamani isiyoonekana upesi mjini Dar es Salaam. Kwa miaka mingi miji hiyo ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, hata ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Penye umeme wa kusitasita na intaneti ya kununua kwa kipimo, elimu iliyokwisha kuwekwa mkononi hushinda elimu inayongojwa kutoka mbali. Watu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, nao waliona jambo hilo. Shule za kambi hiyo zilifikiwa na mradi wa Wakfu wa Vodafone na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mwaka 2015 Wakfu huo ulionyesha darasa zima ndani ya sanduku: kompyuta, projekta na vishikwambi 25 vilivyotiwa mafunzo kabla ya safari.

Lakini mafunzo yafikapo, husomwa kwa lugha gani? Shule za wakimbizi Wakongo, na za Warundi waliomiminika tangu mwaka 2015, zilifuata mitaala ya makwao, ambayo hutumia Kifaransa. Sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza. Mha na Mrundi huelewana kwa lugha zao zilizo ndugu. Akiingia Mkongo wa Kivu katika mazungumzo, lugha inayowakutanisha wote watatu ni Kiswahili.

Hapo ndipo lawama inapotuangukia sisi wasomi wa lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotumia maneno ya Kiswahili. Ilithibitika kwamba lugha yetu yaweza kubeba kazi hii. Ila maneno ya vitufe si maelezo, na anayetaka kuelewa kwa nini amri hufuta asichotaka kufuta angali akihitaji ukurasa wa kumweleza.

Nashauri kurasa hizo ziandikwe kwa mpango wa mwaka 1971. Kila ukurasa uwe na jina la mwandishi, tarehe, toleo la programu lililojaribiwa, na fungu la kasoro. Kila mfano utendwe kwanza katika mashine isiyo na kitu cha kupotea, kisha ukaguliwe kwa programu kama ShellCheck, iliyotolewa na Vidar Holen mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Zikiisha, zigawiwe kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, bila sharti ila moja: anayenakili asifute jina la mwandishi wala fungu la kasoro. Kijana wa Kibondo atakayezipokea hatalazimika kutuamini kwa vyeo vyetu. Atajua nani wa kumwuliza, na atajua tulipokosea.