Ukubwa na Ugumu wa Protoni: Historia ya Nadharia Moja

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, protoni, chembe yenye chaji chanya ambayo Ernest Rutherford aliipa jina mwaka 1920, ilidhaniwa kuwa nukta isiyo na sehemu za ndani. Dhana hiyo ilitikiswa mjini Hamburg mwaka 1933, Otto Stern na wenzake walipoupima usumaku wa protoni na kuukuta ni takriban mara mbili na nusu ya ule uliotabiriwa na nadharia ya Paul Dirac kwa chembe isiyo na sehemu za ndani. Katika miaka ya 1950, Robert Hofstadter wa Chuo Kikuu cha Stanford aliilenga protoni kwa elektroni zenye nishati kubwa, na jinsi zilivyotawanyika ikamwonyesha kuwa chaji yake imeenea katika eneo lenye nusu kipenyo cha karibu femtomita 0.8, femtomita ikiwa ni sehemu moja kati ya trilioni moja za milimita.

Hata hivyo, kuujua ukubwa wa kitu si kuujua ugumu wake. Ugumu wa protoni hupimwa kwa polarizabiliti, yaani kiasi ambacho chaji na mikondo ya ndani husogezwa na uga wa umeme au wa sumaku unaotoka nje. Mwaka 1960, A. M. Baldin alionyesha kwamba jumla ya polarizabiliti hizo mbili inaweza kupatikana kutokana na namna protoni inavyofyonza miali ya gama ya nishati mbalimbali, na mwaka huohuo V. I. Goldansky na wenzake wakachapisha vipimo vilivyotokana na mtawanyiko wa miali hiyo.

Nadharia ya kwaki, chembe zinazoiunda protoni, ya mwaka 1964, na ile ya nguvu inayozifunga kwaki iliyokamilika mwaka 1973, zilieleza protoni imeundwa na nini, lakini nguvu hiyo ni kubwa mno katika masafa yanayolingana na upana wa protoni, hivyo hesabu za moja kwa moja zilikuwa ngumu. Kwa sababu hiyo, mwaka 1991 wanafizikia Bernard, Kaiser na Meißner waliegemea pioni, chembe nyepesi zinazoizunguka protoni mithili ya wingu, wakapata polarizabiliti ya umeme iliyo mara kumi ya ile ya sumaku. Vipimo vya sasa vinaipa ya umeme thamani ya takriban femtomita za ujazo 0.0011, karibu sehemu moja kati ya elfu mbili za ujazo wa protoni yenyewe, ilhali katika atomu ya haidrojeni polarizabiliti na ujazo hukaribiana; yaani, protoni ni ngumu zaidi sana.

Mwaka 2010, watafiti nchini Uswisi walipoipima protoni kwa kutumia muoni, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito mara 200 hivi, walipata nusu kipenyo cha femtomita 0.84, kidogo kuliko kilichokubalika wakati huo. Na kwa kuwa muoni huikaribia mno protoni na kuivuta, hesabu yao ilibidi iingize polarizabiliti, kiasi kwamba ukubwa haukuweza tena kukokotolewa kwa usahihi pasipo ugumu.