Kerala: Maktaba ya kumbukumbu ilikoanzia safari ya maktaba 6,000

Ambalappuzha ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Hapo kuna maktaba yenye jina la P.K. Narayana Pillai, mhakiki wa fasihi ya Kimalayalam, iliyojengwa kumkumbuka. Majengo ya kumbukumbu yapo kibao duniani: jina ukutani, vitabu vya kuchangiwa, kufuli mlangoni. Hili lilipata bahati ya kuwa na mwalimu asiyetulia.

Mwalimu huyo ni P.N. Panicker, aliyezaliwa 1909 kijijini Neelamperoor. Septemba 14, 1945 maktaba 47 za vijijini ziliungana katika mkutano uliofanyika hapo, na yeye akawa katibu mkuu. Aliishika kazi hiyo miaka 32, akizunguka kijiji hadi kijiji na kaulimbiu yake: soma ukue. Mtandao ulifika maktaba kama 6,000, na mwaka 1975 ukapata tuzo ya Krupskaya ya UNESCO.

Ila vitabu peke yake visingetosha. Sensa ya 1951 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wa eneo hilo hawajui kusoma. Sasa unamfungulia nani maktaba? Jibu lilikuwa masikio. Kwenye vibanda vya chai mmoja alisoma gazeti kwa sauti, wengine wakasikiliza na kubishana. Kaskazini mwa jimbo, wasokota sigara za mkono walimteua mwenzao awasomee wakiwa kazini, halafu wakamsokotea fungu lake ili asipoteze ujira. Ujanja huo si mchezo.

Watoto nao wana nafasi yao. Maktaba nyingi za vijijini zina Balavedi, yaani baraza la watoto: wanakutana baada ya shule, wanasoma, wanashindana. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hata kimoja anapata pa kwenda.

Na hela? Hapa ndipo maktaba nyingi za kuchangiwa hufia. Kerala ilipitisha sheria ya maktaba mwaka 1989: kodi ya majengo huongezewa asilimia 5 kwa ajili ya maktaba. Kila maktaba hupewa daraja, kuanzia A+ hadi F, na ruzuku hufuata daraja hilo. Ukilala, unashuka.

Panicker mwenyewe hakuishia pazuri sana na umoja wake. Serikali iliuchukua mwaka 1977. Akiwa na miaka 68, akaanzisha chama kingine, KANFED, cha kuwafundisha watu wazima kusoma.

Aprili 18, 1991 Kerala ilitangazwa kuwa jimbo la watu wanaojua kusoma, matunda ya shule, kampeni kubwa ya kujitolea na hizo maktaba. Tangazo lenyewe, mjini Kozhikode, lilitolewa na Chelakkodan Ayesha, mama aliyejifunza kusoma ukubwani.